Cha kuandikiana na fundi wa jipsamu
Ndugu, kwa ukuta wa jipsamu wa kugawa chumba, usikubaliane bei ya jumla tu. Andikeni unene wa bodi: milimita 12 au zaidi, na bafuni ile ya kijani inayohimili unyevu. Fremu za mabati, nguzo kila sentimita 60. Patakapobandikwa vigae, kila 40. Ugomvi mwingi huanzia kwenye viungo, yaani bodi zinapokutana: taja tepu ya karatasi kila kiungo na filla (uji wa kuziba na kusawazisha) mikono mitatu, yaani ipakwe mara tatu, kila mkono ukauke kabisa kabla ya mwingine. Akiharakisha, nyufa zitaonekana rangi ikishapakwa. Patakapotundikwa runinga au kabati, aweke mbao ndani ya fremu kabla ya kufunga bodi. Mabaki anaondoa nani? Liandikwe pia.