Jibu: Nikiuliza swali wanafunzi wa chuo wananyamaza, wanaongea wawili tu

Habari mwalimu, pole na hiyo hali. Kama nimekuelewa, ukiuliza darasa zima kimya, wanajibu walewale wawili wa mbele, mwisho unajijibu mwenyewe.

Kabla hujawalaumu angalia kwanza swali lenyewe. "Mmeelewa?" au swali ambalo jibu lake liko kwenye noti halizai mjadala, anayelijua atalisema na mada inafia hapohapo. Mi huwa nauliza la kuchagua upande, mfano "kati ya hizi sababu mbili ipi ina uzito zaidi na kwa nini", nawapa dakika mbili kila mtu aandike kwenye daftari, kisha wageukiane na jirani, ndo nafungua kwa darasa zima, na hapo hata yule mkimya ukimtaja jina hashtuki sana maana ana kitu cha kusema tayari.

Halafu ukishauliza, nyamaza. Mtafiti Mary Budd Rowe alionyesha tangu miaka ya 1970 kwamba walimu wengi wanasubiri kama sekunde 1 tu, wakifikisha 3 majibu yanakuwa marefu zaidi (aliangalia shule za watoto, ila chuoni naona ni yaleyale). Sekunde 3 za kimya mbele ya darasa ni ndefu balaa, hesabu kimoyomoyo.

Wale wawili usiwazime, waambie tu "subiri kidogo, nisikie wa nyuma kwanza". Na mtu akijibu usikimbilie kusema "sahihi", uliza nani anapinga.

Darasa la mamia ya watu sijawahi kuliendesha hivi, waliozoea waje wakusaidie.