Mwambie fundi atoke chini ya hilo lori

Eti nati ya kumwagia oili kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini, imekufa meno, fundi atalala chini akate meno mapya ya saizi kubwa, na unachouliza ni ujaze oili ya 15W-40 au 20W-50 ndiyo uondoke kesho kwenda Voi? Ndugu yangu, mwambie atoke hapo chini. Sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

Mimi nilikubali. Lori la tani tano, sampu ya aluminiamu, nati ya chuma inazunguka tu haikazi. Fundi mmoja wa Changamwe, maneno matamu kuliko halua, akaingiza tepu ya kukatia meno bila hata tone la grisi. Nilikuwa nimechutama namshikia tochi, naona vichuma vilivyojikunja kama kucha za mtoto vikimdondokea kifuani. Nikamuuliza, na vinavyoingia ndani je? Akacheka. "Filta itavidaka, mzee." Halafu akaizungushia nati ule utepe mweupe wa mafundi bomba, akakaza mpaka mshipa wa shingo ukamsimama. Shilingi 1,500. Na chai nikamnunulia!

Filta! Oili hunyonywa chini ya sampu kupitia kijiwavu, inapita kwenye pampu KWANZA, ndipo inafika kwenye filta. Vichuma vidogo vinakwenda kuikwaruza pampu, vikubwa pamoja na vipande vya utepe vinaziba wavu. Filta yenyewe iko huko mbele, haina habari.

Nikapakia mchele. Kufika Mackinnon Road, taa ya oili ikawaka, karibu na msikiti wa Seyyid Baghali, pale madereva wanaposimama kuomba dua. Mimi nikasimama kumpigia simu yule shetani. "Hiyo ni sensa, wewe endelea." Nikaendelea. (Najua, najua. Mke wangu keshanitukana kwa niaba yenu nyote.) Kabla ya Voi injini ilikuwa inagonga kama watu wanatwanga kisamvu. Kuvutwa hadi Mombasa, krenki, ule mhimili wa injini, ikachongwa, beringi mpya za kuendana nayo, pampu mpya, na mwenye mchele kila asubuhi yuko mlangoni kwangu. Fundi naye simu yake mpaka leo haipatikani.

Kwa hiyo: SHUSHA SAMPU. Ni zile bolti za pembeni na gasketi, au silikoni. Ikishakuwa mezani ndipo wakate meno watakavyo. Ya aluminiamu watie helikoli, ile springi ya chuma inayokuwa meno mapya ndani ya tundu; ya bati la chuma wachomelee kwenye tundu nati mpya yenye meno ya kuishika ile ya kufungia. Kisha ioshwe kwa dizeli, ifutwe, na huo wavu uukague kwa macho yako, usisimuliwe. Washa, ile pete ya nati, iwe mpya, maana hiyo ndiyo inayozuia oili isivuje, si nguvu za bega. Utepe mweupe ubaki kwa mafundi bomba.

Atakwambia sampu haishuki, ekseli imeziba, mpaka injini iinuliwe. Malori mengine ni kweli. Basi aiinue. Na chai usimnunulie mpaka uone wavu.