Otto Olsson ni nani?

SWALI: Habari mhariri, mimi mwalimu wa kwaya hapa Isevya, Tabora, rafiki yangu kanitumia Te Deum, ule wimbo wa Kilatini wa kumsifu Mungu, ya mtu anaitwa Otto Olsson, jamani nimeisikiliza usiku kucha mpaka bando likakata. Huyu ni nani?

JIBU: Mwalimu, umepata dhahabu. Olsson ni Mswidi, kazaliwa Stockholm 1879, akafa 1964, na toka 1908 mpaka 1956 alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Gustav Vasa palepale Stockholm, yaani nusu karne kasoro miaka miwili kwenye benchi moja! Kile kinanda chao sio kama vya kwetu vya kuchomeka umeme, ni cha mabomba, mikono juu inapiga yake na miguu chini inakanyaga besi, ndo maana ukisikiliza kwa spika nzuri unahisi kifua kinatetemeka.

Na alikuwa mwalimu kama wewe, kafundisha miaka mingi chuo cha muziki cha kifalme, kwanza mpangilio wa sauti halafu kinanda.

Sasa hiyo Te Deum aliitunga 1906, hajafika hata miaka thelathini. Humo kuna kwaya, vyombo vya nyuzi, kinubi na kinanda tu, tarumbeta hakuna, na bado inajaa vile. Alipenda sana nyimbo za kale za Kigregori, zile za sauti moja za Kilatini, wazee wa parokia za Tabora wanazijua. Teno wako wasikilizishe kwanza bila kuimba, mara mbili tatu, ndo uwape noti.