Presha, enalapril na aspirini katika ujauzito wa wiki 13

Swali: Daktari, nina umri wa miaka 33, ninaishi Umoja, Nairobi, na nina mimba ya pili ya wiki 13. Katika mimba ya kwanza presha ilipanda nikafanyiwa upasuaji kabla ya miezi tisa kutimia, na tangu hapo presha haijashuka, hivyo nimekuwa nikimeza enalapril kila siku. Jirani ananishauri niache dawa zote hadi nijifungue. Kliniki yangu ya kwanza ni wiki tatu zijazo. Je, niache? Na je, aspirini huzuia kifafa cha mimba, au huharibu mimba kama nisikiavyo?

Jibu: Mama, tafadhali usisubiri wiki hizo tatu. Nenda kesho asubuhi kwenye kituo chenye daktari, ubebe pakiti ya dawa unayomeza, ueleze yaliyokupata katika mimba ya kwanza, na uombe kubadilishiwa dawa siku hiyo hiyo.

Jirani yako amesema kweli kuhusu enalapril peke yake. Dawa za kundi hilo hupita kwenye kondo la nyuma na kudhoofisha figo za mtoto, hasa kuanzia miezi mitatu ya pili ambayo sasa unaiingia. Na kwa kuwa baadaye sehemu kubwa ya maji yanayomzunguka mtoto hutokana na mkojo wake mwenyewe, figo zikishindwa maji hayo hupungua, na mapafu nayo hukosa nafasi ya kukomaa. Hata hivyo, kubaki bila dawa yoyote ilhali presha yako ni ya kudumu ni hatari kwenu nyote wawili. Zipo methyldopa, labetalol na nifedipine ya kutenda kazi polepole, ambazo zimetumiwa na wajawazito kwa miaka mingi, na lengo huwa ni kuiweka presha chini ya 140/90.

Kuhusu aspirini, ndiyo, husaidia, na wewe unastahili kuipata kwa sababu mbili: presha uliyonayo tayari na historia ya mimba ya kwanza. Shirika la Afya Duniani hupendekeza miligramu 75 kila siku kwa mama aliye katika hatari kubwa, ianzwe kabla ya wiki 20, ingawa faida huwa kubwa zaidi ikianzwa kabla ya wiki 16, wakati mishipa ya damu ya kondo ingali inajengeka. Ndiyo maana ninakuhimiza uende kesho. Hofu unayoisikia inatokana na vidonge vya nguvu nyingi vya kutuliza maumivu, na kwa kipimo hiki kidogo haijaonekana kuharibu mimba. Lakini mwambie daktari ikiwa una vidonda vya tumbo au mzio wa aspirini, na usijinunulie dukani.

Ikiwa chakula chako hakina maziwa ya kutosha wala omena, uliza pia kuhusu vidonge vya kalisiamu, ambavyo husaidia kuzuia kifafa cha mimba kwa akina mama wanaopungukiwa na madini hayo. Usivimeze pamoja na vile vya damu, kwani kalisiamu huzuia chuma kufyonzwa.

Presha ipimwe ukiwa umeketi na kutulia dakika tano, mgongo umeegemea na mkono uko usawa wa moyo. Nimeona akina mama wengi waliopimwa mara tu baada ya kupanda ngazi, wakaandikiwa namba isiyo yao. Mkojo nao upimwe protini kila unapohudhuria kliniki.

Kuvimba miguu jioni ni jambo la kawaida. Lakini ukiumwa kichwa kisichotulia, macho yakaona ukungu au vimulimuli, ukapata maumivu chini ya mbavu za kulia, au uso ukavimba ghafla, nenda hospitali usiku huo huo. Kwa hiyo panga mapema na dereva unayemwamini na uiweke kando nauli yake. Dalili hizo zinaweza kutokea hata baada ya kujifungua, kwa hiyo presha iendelee kupimwa hadi wiki sita baadaye. Wakati huo daktari anaweza kukurudishia enalapril, kwa kuwa kiasi kinachoingia katika maziwa ya mama ni kidogo mno, ila tahadhari zaidi huhitajika mtoto akizaliwa njiti.