Kapasuliwa moyo, koo linamuuma kwa nini?

*Shikamoo daktari. Mama alibadilishiwa valvu ya moyo siku tano zilizopita. Sasa anaongea kwa kunong'ona tu. Walimkata koo? (Tanga)*

Marahaba. Koo halikuguswa na kisu. Mgonjwa akishalala usingizi wa dawa, mrija wa kupumulia hupitishwa mdomoni, katikati ya nyuzi za sauti, hadi kwenye bomba la hewa. Kwenye mrija huo kuna kipira kinachojazwa upepo ili hewa ya mashine isivuje. Kikijazwa mno hunyima damu utando wa ndani, ndiyo maana sisi madaktari wa usingizi hupima: shinikizo libaki kati ya sentimita 20 na 30 za maji. Sauti kukwaruza siku chache ni kawaida. Zikipita wiki mbili, aonwe na daktari wa masikio, pua na koo.

*Hilo bomba laweza kupasuka? (Kisumu)*

Laweza, ila ni nadra sana. Papasa chini ya kikoromeo chako, utakuta pete ngumu. Pete hizo hazikuzunguka bomba lote, nyuma kuna utando laini uliopakana na umio, yaani njia ya chakula, na hapo ndipo panapochanika, kwa mfano mrija ukisogezwa kipira kikiwa kimejaa. Shingo na uso huvimba, na ukibonyeza, ngozi huchakarika kama mfuko wa nailoni: hewa imeingia chini yake. Niliwahi kuigusa shingo ya namna hiyo, vidole havisahau. Muuguzi aitwe hapo hapo.

*Ikitokea, atapasuliwa tena? (Kisumu, huyo huyo)*

Si lazima. Ufa mdogo, mgonjwa akipumua vizuri, mara nyingi hujifunga wenyewe chini ya uangalizi. Mkubwa hushonwa.

*Mwanangu wa miezi minane alifungwa mshipa karibu na moyo, ule ambao ungeziba mwenyewe baada ya kuzaliwa. Kilio hakitoki, na akinyonya anapaliwa. (Morogoro)*

Hapa nashuku neva, si mrija. Neva ya sauti ya kushoto ina safari ya ajabu: hushuka kifuani, ikapita chini ya upinde wa aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ikigusana karibu na mshipa huo uliofungwa, ndipo ipande tena kooni. Ikivutwa au kubanwa, uzi wa sauti wa kushoto hulala. Kilio naweza kukisubiri, kupaliwa hapana, maana maziwa huingia mapafuni. Mama, mrudishe hospitali leo. Usingoje tarehe ya kliniki.