Jibu: Nimepotea katika Hollow Knight, niiache?

Habari za jioni, ndugu. Umeeleza kwamba katika mchezo huo wa video umefika eneo la Greenpath, umezunguka siku 3 bila kujua ulipo, na sasa unauliza iwapo uhamie mchezo mwingine, Ori and the Will of the Wisps au Prince of Persia: The Lost Crown.

Kwanza angalia kama unayo dira. Mimi nilihangaika wiki nzima, nikicheza usiku kwa rafiki yangu hapa Ngamiani, kabla ya kugundua kwamba ramani peke yake haikuonyeshi ulipo. Ni lazima urudi kijiji cha Dirtmouth, ununue hirizi ya Wayward Compass pamoja na kalamu ya unyoya, kisha uketi kwenye benchi ndipo sehemu mpya ulizopita zichorwe. Ramani za maeneo huuzwa na Cornifer, mchoraji ramani wa mchezo huo, ambaye utamtambua kwa karatasi zilizotapakaa njiani na sauti yake ya kuimba chini kwa chini.

Ikiwa bado itakuchosha, chagua The Lost Crown ya 2024, kwa kuwa humo unaweza kupiga picha ya mahali ulipokwama na kuibandika kwenye ramani, jambo ambalo natamani wote wangeliiga. Ori inapendeza macho, ila mbio zake za kukimbizwa hazina huruma kwa vidole vizito kama vyangu. Tales of Kenzera: Zau ni nyepesi zaidi, na wahusika wake unaweza kuwasikia wakizungumza Kiswahili.

Silksong, mwendelezo wa Hollow Knight, sijaicheza, kwa hiyo siipimi.