Ishikawa au Ikeda, msimu wa 2009?
Umeuliza nani alitamba kwenye gofu ya kulipwa Japani mwaka 2009. Wengi watakutajia Ryo Ishikawa, na wana haki: aliongoza orodha ya fedha za zawadi akiwa na miaka 18 tu, hakuna mdogo kuliko yeye aliyewahi kufanya hivyo kule. Lakini jamani, Yuta Ikeda tusimsahau! Wote walishinda mara 4, na ushindi wa kwanza wa Ikeda ulikuwa Japan PGA Championship, taji zito kabisa. Ishikawa alikaribia kushinda mashindano ya Japan Open. Yeye na wachezaji wengine wawili (Ikeda hakuwemo) wakatoka sare, wakaenda mashimo ya ziada kuamua mshindi, na mmoja wao, Ryuichi Oda, akabeba kombe. Kura yangu kwa Ikeda.